Kiboko Aliyekula Mguu wa Tom

Kisumu, 6 Februari 1993

Babu yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimelala kwenye kochi kwa amri ya daktari, kwa hiyo usione mwandiko mbaya ukafikiri nimesahau uliyonifundisha. Pokea salamu zangu na za mume wangu Bildad. Mama yake, Mama Mwihaki, naye anakusalimu. Ameuliza kama kifua chako kimetulia, nikamwambia wewe na kifua chako mmezoeana. Mjomba Tom ni mzima. Kibanda chake cha kutengeneza redio pale mtaa wa Manyatta kimepata paa jipya, na kwenye magongo yake ametia raba za tairi ili yasiteleze mvua ikianza.

Sasa nikueleze jambo. Unajua mimba mbili za kwanza ziliharibika. Hii ya tatu imeingia mwezi wa tano. Kwa kuwa natokwa na damu kidogo, daktari alinipeleka kwenye skani, ile mashine inayopiga picha tumboni. Mtoto yupo. Moyo unapiga, nimeuona kwa macho yangu. Lakini mguu mmoja umegeuka. Unyayo unatazama ndani na juu, kama wa mtu anayetafuta mwiba kwenye kisigino. Daktari alirudia mara tatu akitumaini kwamba mtoto ameukunja tu. Hajaukunja. Ndivyo ulivyo.

Akatuuliza, "Katika familia zenu, kuna aliyezaliwa na mguu wa namna hii?" Bildad akasema kwao hakuna. Mimi nikasema nitauliza. Daktari anasema kama yupo, basi huenda ni mguu tu, kitu cha ukoo, na hutibiwa kwa plasta tangu wiki ya kwanza. Kama hakuna, anahofia kwamba mguu ni dalili ya kitu kikubwa zaidi kwenye uti wa mgongo au ubongo, mahali ambapo mashine yake haioni vizuri.

Mama amekufa na Nyanya Rosa amekufa. Umebaki wewe peke yako unayewajua watu wetu wote. Ningekuja mwenyewe, lakini nimekatazwa safari, na barabara ya kwenu unaijua. Tafadhali niandikie haraka.

Mjukuu wako,
Lornah


Asembo Bay, 16 Februari 1993

Mjukuu wangu Lornah,

Barua yako imenikuta hai, na hilo kwa umri wangu ni habari. Nashukuru kwa salamu. Mwambie Mama Mwihaki kwamba kifua kinanipa ruhusa ya kulala nikiwa nimeketi, si vinginevyo. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Magugu ya maji yamefunga gati kabisa, wavuvi wanasukuma mashua kama watu wanaolima. Kanisani tumepata mchungaji kijana anayehubiri kwa haraka, na sisi wazee tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Pole kwa hiyo damu. Fuata maneno ya daktari, usibebe maji.

Kuhusu swali lake, hakuna. Nimepita ukoo wote upande wangu na upande wa nyanya yako, na watu wetu wamezaliwa wima. Mjomba wako Tom, kama unavyojua, mguu wake ulichukuliwa na kiboko mwaka wa 1956. Hilo si la kuzaliwa, usimchanganye daktari kwa kulitaja. Waulize vizuri upande wa Bildad. Watu wengi hawajui mambo ya kwao.

Nakuombea kila asubuhi.

Babu yako,
Laban Oduor


Kisumu, 22 Februari 1993

Babu,

Nimepata barua yako Alhamisi. Hongera kwa mapacha wa mbuzi, na pole kwa kifua. Sisi hapa ukitutazama kwa nje hatujambo.

Bildad aliisoma barua yako kwa sauti mezani. Alipofika kwenye neno "hakuna" aliikunja, akaitia mfukoni, na siku hiyo hiyo akaipeleka kwa daktari. Sasa kwenye faili yangu imeandikwa: familia haina historia. Daktari anataka niende Nairobi kwenye mashine kubwa. Lakini Bildad ana Nairobi yake. Ameambiwa kuna daktari huko asiyeuliza maswali, anayetoa mimba hata ikiwa imefika hapa ilipofika yangu. Mama Mwihaki anamuunga mkono. Aliniambia, "Lornah, mimi si mtu mbaya. Mdogo wangu alizaliwa kichwa kimejaa maji. Miaka kumi na mmoja nilimgeuza kitandani asioze mgongo. Sitaki uyaone niliyoyaona." Nilijaribu kumchukia nikashindwa.

Nilisema siendi. Bildad akanipiga kofi, la kwanza tangu tuoane, na la pili likaja kabla sijaamini la kwanza. Nilianguka juu ya kiti nikapasuka mdomo.

Kesho yake Mjomba Tom alileta redio ya Mama Mwihaki. Aliuona uso wangu. Aliketi akanywa chai yote, akala mkate, kisha akamwita Bildad kwa upole: "Baba, njoo unisaidie kuinuka." Bildad alipoinama, Mjomba akamtia gongo la mbavu. Nilisikia mfupa. "Hilo ni la kofi la kwanza," akasema. "La pili ninalo. Unalitaka leo, au nikuwekee?" Mpaka leo Bildad anapumua kama mtu aliyebeba gunia, na hatusemezani.

Nilimsindikiza Mjomba hadi kwenye lango. Nikamuuliza, "Mguu wako ulikuwaje kabla ya kiboko?" Akacheka, akaanza kunisimulia tena: matete yalivyotikisika, pua mbili juu ya maji, wewe ulivyomrukia mnyama ukavunjwa bega. Ni maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, tangu nikiwa mtoto. Lakini swali hakulijibu. Nilipouliza tena akasema, "Muulize mwalimu."

Mwalimu ni wewe, Babu.

Kisha akaja Mama Elsie kunitazama, yule jirani yenu wa zamani anayeuza samaki soko la Kibuye, rika la marehemu mama. Akasema hivi: "Tom? Kabla ya kiboko mimi sikuwahi kumwona Tom nje hata siku moja. Tulijua mwalimu ana mtoto wa kiume kwa sababu tulimsikia akilia."

Nakuuliza mara ya pili. Mjomba Tom alizaliwaje?

Lornah


Asembo Bay, 1 Machi 1993

Lornah,

Barua yako imefika. Mvua bado. Homa imenirudia, naandika kidogo.

Nakutumia samaki wawili wa mbuta kwa mkono wa dereva wa lori la samaki. Wamevuliwa leo, usiwalaze.

Mwambie Bildad asikuguse tena. Sina haki ya kumfundisha mtu jambo hilo, lakini mwambie.

Hayo mengine, nipe muda.

L.O.


Kisumu, 8 Machi 1993

Babu,

Samaki tumewala. Asante.

Muda umekwisha. Jumatatu tarehe 15 tunakwenda Nairobi, kwa yule daktari wa Bildad. Mama Mwihaki ameshapanga nguo zangu kwenye mkoba. Nimechoka kukataa. Nimeanza kuamini kwamba pengine wao ndio wanaosema kweli, kwamba huyu mtoto hana ubongo, na hiki ninachokisikia kikicheza ni maji tu.

Kama unajua kitu, dereva wa lori anapita kwenu Jumatano. Kama hujui, usiniandikie habari za mbuzi.

Lornah


Asembo Bay, 10 Machi 1993

Mjukuu wangu Lornah,

Salamu zangu leo ni fupi. Dereva amekubali kungoja nimalize, yuko nje anakunywa uji. Naandika haraka, soma polepole.

Ndiyo. Tom alizaliwa na mguu huo. Ulikuwa wa kushoto, unyayo ukitazama ndani na juu kama ulivyoandika. Mgongo wake ulikuwa mzima, na alianza kusema mapema kuliko dada zake wote. Ulikuwa mguu tu. Mwonyeshe daktari mistari hii. Ukitaka, acha kusoma hapa, kwa maana mtoto wako hahitaji zaidi ya hii.

Yanayofuata nayahitaji mimi. Sina siku nyingi, na mchungaji ni kijana mno kwa mambo haya.

Nilikuwa mwalimu mkuu. Nilikuwa na mabinti watano, na Tom ndiye aliyekuwa kitinda mimba. Siku hizo, kabla watu hawajaleta ng'ombe kuoa kwako, walimtuma jagam, mtu wa kuchunguza nyumba. Jagam hunywa uji wako na kusifu mazizi yako, na wakati huo wote macho yake yanatafuta ni nani mwenye kifafa, ni nani mwenye ukoma, ni nani aliyezaliwa na kasoro. Akiona, huaga kwa adabu na hakuna anayerudi. Binti wa kwanza akikataliwa kwa sababu hiyo, wanaomfuata nao wamekataliwa. Kwa hiyo Tom tulimficha. Aliishi miaka saba katika nyumba ya nyuma. Mimi niliyefundisha watoto mia tatu wa watu sikumfundisha wangu hata herufi moja.

Mwaka wa 1956 tulipata habari kwamba jagam angekuja kutoka Katito kwa ajili ya mama yako, Adero. Mtu huyo alijulikana kwa kuzunguka boma lote, hata jikoni na chooni. Tulikuwa na mwezi mmoja. Nililifikiria jambo hilo kama hesabu. Mtoto aliyezaliwa kilema ni doa la ukoo. Mtoto aliyeng'atwa na kiboko si doa. Huku kwetu ziwani kila kijiji kina mtu wake wa kiboko au wa mamba, na hakuna anayemkataa binti kwa sababu kaka yake alikutana na mnyama. Hata wanampa heshima. Nikaona kwamba kati ya aibu na heshima kuna mguu mmoja tu, nao usionekane.

Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, wavuvi hawajarudi. Nilikuwa naye kwenye matete. Nilikuwa na panga nililolinoa mwenyewe, na ukanda wa mpira niliokata kwenye tyubu ya baiskeli, kwa sababu chuoni tulifundishwa huduma ya kwanza. Niliufunga mpira chini ya goti mpaka ngozi ikageuka rangi. Nikamlaza, mguu juu ya gogo, nikamwambia afumbe macho.

Pigo la kwanza halikukata. Alifumbua macho akanitazama. Alikuwa hajalia bado. Alinitazama kama mwanafunzi ambaye hajaelewa swali. Nikapiga la pili, nikapiga la tatu. Mguu nikautupa majini, mbali nilivyoweza, na panga nikalitupa. Halafu nikapiga mayowe kwamba ni kiboko.

Nyanya yako hakudanganyika hata dakika moja. Aliutazama ule mpira uliofungwa vizuri, akanitazama, akaingia jikoni akatoka na mchi. Bega langu, lile mlilokuwa mkiligusa mkiwa watoto na kuuliza kama kiboko alikuwa mkubwa, lilivunjwa na Rosa kwa mapigo mawili. La tatu lilikuwa la kichwa, ila majirani walimshika. Waliona baba na mtoto wamelowa damu na mama amerukwa na akili, wakaimaliza hadithi wao wenyewe. Tulipokuwa tukimpakia Tom kwenye gari la misheni, Rosa aliingia ziwani mpaka maji ya kifua, akiutafuta ule mguu auzike. Hakuupata. Tangu hapo hadi alipokufa mwaka wa 1983, alinisemesha habari za chakula na habari za wageni, basi.

Muuguzi aliyempokea Tom alikiosha kidonda akanitazama. "Mwalimu," akasema, "huyu kiboko ana jino moja?" Nikamwambia aandike. Akaandika. Mwanawe alikuwa katika shule yangu.

Haikuishia hapo. Siku ya tatu wanaume wa kijiji walichukua mikuki na mashua wakaenda kulipiza kisasi. Sikuwazuia. Ningewazuiaje? Walimkuta kiboko jike na ndama wake kwenye mdomo wa mto, hawamsumbui mtu. Jirani yetu Ochieng ndiye aliyekuwa mbele, kwa sababu alinipenda. Yule mnyama aliivunja mashua yake vipande viwili, akamkamata Ochieng kiunoni. Walimrudisha akiwa na uhai wa nusu saa hivi. Macho yalikuwa wazi, matumbo yalikuwa mikononi mwa kaka yake, na aliniuliza kama Tom anaendelea vizuri. Nilimwambia anaendelea vizuri. Walimuua kiboko, wakamuua ndama, wakaigawa nyama, na paja likaletwa kwangu kwa heshima. Rosa aliwatupia mbwa. Katika mazishi nilihubiri mimi. Ochieng aliacha wana wawili, Oketch na mdogo wake. Wanaishi nyumba ya tatu kutoka hapa nilipo.

Jagam alikuja. Alimwona mtoto mwenye kigutu na baba mwenye bega lililofungwa. Kule Katito akasema hii ni nyumba ya watu hodari. Mama yako aliolewa, wadogo zake wote wakaolewa, na wewe ukazaliwa. Nalitaja hilo kwa sababu ungelifikia mwenyewe, na nisingependa ulifikie peke yako.

Nilipokuandikia "hakuna" sikuwa nimesahau. Nilijua kwamba mtoto wako anaweza kuuawa kwa neno hilo, nikaliandika, nikabandika stempu. Nilikuwa na umri wa miaka themanini na mmoja na bado niliogopa jina langu lisiharibike. Hicho ndicho ninachokiungama kuliko panga. Panga nililishika nikiwa na miaka arobaini na minne.

Dereva anapiga honi. Usiende Nairobi.

Babu yako,
Laban Oduor


Kisumu, 20 Julai 1993

Babu,

Nakusalimu. Nimesikia kutoka kwa dereva kwamba sasa hutoki kitandani. Pole.

Nimechelewa kukuandikia kwa miezi minne, na nilikusudia kuchelewa.

Barua yako ilinifikia Alhamisi, mkoba uko mlangoni. Niliwaita Bildad na mama yake mezani nikawasomea mistari ile ya kwanza, mpaka pale ulipoandika kwamba ulikuwa mguu tu, nikaikunja. Mama Mwihaki akaniuliza, "Mguu tu?" Nikamwambia mguu tu. "Kichwa kizima?" Nikamwambia ndiye anayetengeneza redio yako. Akainuka, akauchukua ule mkoba akaenda kuzirudisha nguo zangu kabatini moja moja. Bildad akasema daktari wa Nairobi anatungoja. Mama yake akajibu kutoka chumbani, "Basi nenda wewe akutoe." Daktari wetu alikata maneno "haina historia" kwenye faili kwa kalamu nyekundu.

Mtoto alizaliwa tarehe 4 mwezi huu. Ni msichana, na kwa desturi ya akina Bildad amepewa jina la nyanya yake, kwa hiyo tuna Mwihaki wawili. Mguu wa kulia umegeuka kama ulivyoonekana kwenye picha. Mengine yote ni mazima. Kila Jumanne tunampeleka hospitali, wanaunyoosha kwa mikono na kuufunga plasta mpya. Analia mpaka sauti inakauka. Bildad hawezi kukaa ndani, hutoka nje. Nyanya yake hamwachi. Humshika goti, amekaza meno, na kumwambia muuguzi, "Nyoosha, usimwonee huruma, huruma nitampa mimi." Mimi na Bildad tunasemezana. Sijui zaidi ya hapo.

Kurasa zilizobaki nilimsomea mtu mmoja. Nilikwenda Manyatta nikamwambia Mjomba Tom azime redio zote. Nilisoma mpaka mwisho. Alikuwa ameshika chuma cha kulehemu, kikapoa mkononi mwake. Akaniuliza, "Ameandika kwamba alinifundisha?"

Nikamwambia umeandika kwamba hukumfundisha hata herufi moja.

Akacheka kicheko ambacho sitaki kukisikia tena. "Alinifundisha siku tatu," akasema. "Wiki ile ile, kabla ya Jumamosi. Alikuja nyumba ya nyuma na kiti chake, akakaa kama darasani. 'Tom, sema: matete yalitikisika.' Nikasema. 'Niliona pua mbili juu ya maji.' Nikasema. 'Baba alimrukia.' Nikikosea ananirudisha mwanzo. Siku ya tatu nilisema yote bila kosa. Akanishika kichwa hivi, akasema vizuri sana. Lornah, nilifikiri ndiyo naanza shule."

Hilo hukuliandika. Kurasa zote zile, mpira, gogo, muuguzi, na hilo hukuliandika.

Sitakuambia kwamba nimekusamehe, kwa sababu mguu haukuwa wangu. Nilimuuliza Mjomba kama ana neno la kukuletea. Akasema, "Mwambie nimeacha kuisimulia."

Nina ombi moja. Daktari wa mifupa anataka karatasi ya kuweka kwenye faili ya mtoto: ni nani katika ukoo aliyezaliwa hivi, alikuwa na hali gani, na nini kilimpata baadaye. Iandike wewe, kwa mkono wako, utie sahihi. Usiweke kiboko. Na wana wa Ochieng wako nyumba ya tatu kutoka kwako. Wao sitawaandikia mimi.

Lornah


Asembo Bay, 3 Agosti 1993

Lornah,

Msalimie Mwihaki mkubwa na Mwihaki mdogo. Hapa ni mimi na mwanamke anayenipikia.

Ni kweli nilimfundisha. Siku tatu. Nilipofika hapo kwenye barua ile kalamu ilipita, nikaiacha ipite.

Jumapili niliwaita wana wa Ochieng, nao wamekuwa watu wenye mvi. Nilisema nikiwa nimelala. Oketch alinisikiliza mpaka mwisho, akanivuta kola akanishusha kitandani, akanipiga ngumi za uso. Nimepoteza meno mawili, na jicho moja halifunguki, ndiyo sababu mistari hii imepinda. Mdogo wake alipasua vioo na viti kwa shoka, akaburuta kitanda nje akakitia moto. Mpishi alitaka kuita watu, nikamkataza. Kisha Oketch aliketi chini kando yangu akalia kama mtoto, akauliza kama baba yao alijua kabla hajafa. Nilimwambia hakujua. Akasema, "Afadhali," akaondoka. Sasa nalala kwenye mkeka.

Karatasi uliyoiomba ni hii hapa chini. Ikate umpe daktari.

Mimi, Laban Oduor, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, nathibitisha kwamba mwanangu Tom Oduor alizaliwa mwaka wa 1949 mguu wake wa kushoto ukiwa umegeuka ndani. Hakuwa na kasoro nyingine, wala dada zake watano hawakuwa na kasoro yoyote. Hakutibiwa, kwa sababu sikumpeleka. Mwaka wa 1956 niliukata mguu huo kwa panga, nikiwa na akili timamu. Hapakuwa na mnyama.

Daktari atataka kujua kama mtoto aliweza kuutumia mguu huo. Aliweza. Alijifunza mwenyewe katika nyumba ya nyuma, akikanyagia upande wa nje, na ngozi ya hapo ilikuwa ngumu kama kisigino. Asubuhi ile sikumbeba. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka nje ya boma kukiwa kweupe. Kutoka nyumbani hadi kwenye matete ni kama nusu maili, na kwenye mteremko alinipita mbio, akafika kabla yangu, akanisubiri.

L. Oduor